Dakika Nne na Sekunde Ishirini

Runinga ya kwanza iliganda ikimwonyesha mzee mmoja msikitini, kidole kiko sikioni, na kidole kikabaki huko huko. Kina mama waliojaa ukumbi wa Bi Mastura, Kisauni, wakacheka. Kisha ikaganda ya pili. Ilipoganda ya tatu, kicheko kikafa.

"Fairuz!"

Bi Mastura aliita kutoka mlangoni, na hiyo haikuwa sauti ya shangazi mtu. Ilikuwa sauti ya mwenye ukumbi.

"Abee, shangazi! Naja!"

Fairuz alikuja mbio, baibui kalipandisha mpaka magotini asijikwae. Diploma yake ya mitandao ya kompyuta ilikuwa haijatimiza miezi minne, na mambo yote haya yalikuwa wazo lake yeye. Miaka nenda miaka rudi, nikaha zikifungwa msikitini mbele ya wanaume watupu, na wanawake upande wa pili wa ukuta wakingoja kupigiwa simu kwamba tayari, pigeni vigelegele. Fairuz akasema, kwani mbona tungoje simu? Kamera moja msikitini, kwa ruhusa ya kamati. Waya mmoja juu ya ukuta. Runinga tatu ukumbini. Basi.

Na aliyeliamini wazo hilo kuliko wote alikuwa Bi Ruwaida, mamake bi harusi. Siku ile ya kuja kuukodi ukumbi alimshika Fairuz mkono, akasema, "Wanangu wa kiume wawili wameoa, sikuona hata mmoja akishikwa mkono. Huyu ndiye binti yangu pekee. Nataka nimwone huyo Najib anayemwoa kwa macho yangu haya, akitamka 'nimekubali'. Sitaki kuhadithiwa."

"Utamwona, wallahi," Fairuz akamjibu. Kiapo kikamtoka hivi hivi, kama mtu aahidiye kuleta maji.

Sasa Bi Ruwaida amekaa kiti cha mbele, leso ya pua mkononi, anamtazama mzee wa kidole.

Fairuz akaitoa runinga ya kwanza kwenye picha ya msikiti, akairudisha. Ikawaka! Akaanzisha saa ya simu papo hapo. Akafanya hivyo hivyo kwa ya pili, na ya tatu. Zote zikawaka. Kina mama wakampigia makofi, naye badala ya kufurahi akabaki kuhesabu sekunde kwenye simu. Kitu kilichopona bila ya dawa humtia mtu wasiwasi.

Akampigia Imad, binamu yake, aliyekuwa msikitini na kamera. Walisoma darasa moja, na hajawahi kukubali kwamba Fairuz alimpita.

"Imad, huko kuna nini?"

"Huku kuna kheri. Kamera yawaka, taa yake ni kijani, bwana harusi yuko njiani. Nyinyi mwaona?"

"Twaona kwa vipande."

"Ha! Na ile diploma umeitundika ukutani?"

"Yako umeifungia maandazi. Angalia waya."

"Waya mzima, bibi wee. Ubovu uko kwenu."

Saa ya simu ilipofika dakika nne na sekunde ishirini, runinga ya kwanza ikaganda. Ya pili, ambayo Fairuz aliiwasha nusu dakika baadaye, ikaganda nusu dakika baadaye. Ya tatu vile vile, kwa zamu yake.

Nywele zikamsimama chini ya baibui. Waya uliolegea hauna adabu hiyo. Hukata unapotaka, huja unapotaka. Huu ubovu ulikuwa na saa mkononi! Akazirudisha tena zote tatu, akapima tena, huku anatembea huku na huko mbele ya jukwaa, na mashangazi wa bi harusi wanamfuata kwa macho kama watazamao mpira. Dakika nne na sekunde ishirini. Haizidi, haipungui.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na kabati, na ndani yake swichi, kisanduku cheusi chenye matundu ishirini na manne ya kuchomekea waya. Kamera hutuma picha moja tu, na swichi ndiyo huigawa. Wiki ya kwanza ilikuwa ikiigawa kama mwendawazimu, kila tundu inalimiminia, litake lisitake, mpaka printa ya ofisini ikagoma na kamera za getini zikapofuka. Fairuz akairekebisha isikilize kwanza. Runinga inayotaka picha yapeleka ujumbe, "na mimi nimo," swichi yaandika tundu lake, yaipelekea. Asiyesema hapelekewi. Majaribio ya wiki nzima yalikwenda vizuri, siku moja wakatazama msikiti mtupu saa mbili nzima bila ya kukatika. Leo je? Leo kuna nini ambacho jana hakikuwapo?

Simu ikalia. Imad, safari hii ananong'ona. "Najib ameingia. Imamu yuwakaa. Una robo saa, ikizidi."

Njia ya kudanganyadanganya ilikuwapo, kuzirudisha runinga kila baada ya dakika nne. Lakini kila akirudisha, picha hupotea kama sekunde kumi. Na ikiwa Najib atatamka neno lake ndani ya sekunde kumi hizo? Neno lenyewe ni pumzi moja.

"We Fairuz," Bi Mastura akamwambia, "kwa kuwa mikono yako haina kazi, nenda jikoni. Meza za nyuma hazina sharbati. Watu wana kiu, picha hawana, tutawapa nini, mapazia?"

Akaenda kwa kununa. Jikoni, Kafedha, mkuu wa wapishi, mwanamke mnene wa Mwakirunge asiyekimbizwa na mtu, alikuwa kakaa juu ya kigoda, majagi kumi ya sharbati yamejaa mbele yake.

"Dada Kafedha, meza za nyuma zimekauka!"

"Sijaambiwa."

"Lakini walipelekewa mwanzo!"

"Mwanzo ni mwanzo, mwanangu. Mgeni huomba mara ya kwanza, mara ya pili aona haya, angoja aulizwe. Ndipo siku zote Eddah huzunguka: hapa mwataka tena? Hapa je? Wakiitika, nawapelekea. Leo Eddah kaitwa ndani ampigie bi harusi pasi. Hapana aliyeuliza, hapana aliyeitika. Nikangoja, nikangoja, nikasema basi, hao washashiba. Ama niwamwagie kwa nguvu?"

Fairuz akasimama kama aliyepigwa na baridi.

"Sema tena."

"Niwamwagie?"

"Hilo la Eddah!"

Kafedha akamtazama kwa huruma. "Huyu kashaharibika na kompyuta," akaliambia jagi.

Lakini Fairuz alishaona. Runinga huomba ikiwashwa tu. Baada ya hapo hukaa kimya, hungoja kuulizwa. Lazima awepo wa kuzunguka mtandaoni kila baada ya muda mfupi, aulize: nani bado anaitaka hii picha? Wanaoitaka huitika, na swichi hujua bado wamo. Asipokuwapo wa kuuliza, hapana wa kuitika. Swichi yangoja, yangoja, dakika nne na sekunde ishirini, halafu yasema basi, hao washashiba, yafuta tundu. Hakuna kilichoharibika! Kila mtu alikuwa ana adabu zake tu.

Na Eddah wa mtandao huu ni nani? Ni ruta ya intaneti. Na ruta iko wapi? Akainua macho. Iko juu ya rafu, pale pale juu ya kichwa cha Kafedha, taa zote zimezima. Kwenye soketi yake kumechomekwa chetezo cha umeme, udi unafuka kwa raha zake.

"Nani kachomoa hii?"

"Shangazi yako. Kasema intaneti leo ya nini, kila mtu ana bando lake."

Na ni kweli, hapana aliyegundua. Picha haipiti kwenye intaneti, yatoka msikitini yaja moja kwa moja kwa waya. Fairuz akanyoosha mkono kwenye soketi.

"Wee!" Bi Mastura alikuwa nyuma yake, kabeba nguo mikono miwili. "Wataka kuzima udi wa bi harusi? Hizi ndizo nguo zenyewe, zafukizwa sasa hivi!"

"Shangazi, hiki ndicho kinachouliza—"

"Kitauliza kesho. Bi harusi atoke ananuka sabuni tu? Wewe hapo utaposwa na nani?"

Kubishana na mwanamke aliyeshika nguo za bi harusi ni kupoteza muda, na ruta yenyewe huchukua dakika tatu kuamka. Fairuz akageuka. Swichi! Swichi yenyewe yaweza kuuliza, ukiiruhusu. Aliliona hilo kwenye mipangilio yake, akaliacha limezimwa kwa kuwa ruta ilitosha, na waulizaji wawili wa nini?

Akapita katikati ya meza kama upepo, akapiga magoti kabatini, akafungua kompyuta. Simu imebanwa begani.

"Khutba imekwisha," Imad akanong'ona. "Babake bi harusi kasogea."

"Mchelewesheni!"

"Nimcheleweshe vipi? Niimbe?"

Ukurasa huu sio. Huu pia sio. Huu! Akawasha, akahifadhi. Akatoa kichwa kabatini atazame.

Hakuna aliyegusa runinga yoyote. Ya kwanza ikatikisika, ikawa hai. Kisha ya tatu. Kisha ya pili, nyuma kidogo, kama mgeni aliyeulizwa mdomo umejaa. Zimeitika zenyewe! Fairuz akacheka peke yake, mkono mdomoni. Kisha akaanza kuhesabu, maana kuwaka si kazi, zilikuwa zikiwaka siku nzima. Kazi ni kuvuka.

Dakika mbili. Kwenye picha babake bi harusi, ndiye walii wake, kamshika Najib mkono, imamu awaelekeza maneno polepole, arudia, mzee kakosea jina la babu, waanza upya. Dakika tatu na nusu. Bi Ruwaida kasimama bila kujua kwamba kasimama. Dakika nne. Fairuz haoni tena kitu ila tarakimu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Ishirini na moja.

Ukumbi ukalipuka vigelegele, na kwa nukta moja ya wazimu Fairuz alidhani ni vyake.

"Amesema?" akamshika Bi Ruwaida. "Amesema nini?"

"Ah! Wewe ulikuwa ukitazama wapi?" Machozi yalikuwa yakimchuruzika Bi Ruwaida mpaka kidevuni, leso ya pua imeanguka, haitafuti. "Kasema! Mara ya kwanza sauti ilimkwama, akameza mate, akasema tena. Nimeyaona mate yakipita kooni, mwanangu. Nimeyaona mimi mwenyewe." Kisha akakaza macho kwenye runinga, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Kwani mbona kainama? Mwambie huyo mwenzako amwambie ainue uso, nimtazame vizuri mkwe wangu."

Fairuz akainua simu. "Imad, umesikia?"

"Mwambie asubiri," Imad akasema. "Mkwe wake mdomo umejaa halua."

Na kweli, kwenye runinga zote tatu Najib alikuwa akitafuna.