Madirisha Sita ya Boti ya Mafiga

Boti ya Halidi Pazi ilikuwa na madirisha sita, matatu kila ubavu, na yote sita yalivuja. Si kwamba ilikuwa majini. Ilikaa uani kwake Mafiga, kati ya jiko na choo, imeegeshwa juu ya matairi ya lori na magogo ya mkaratusi, mlingoti wake umelazwa pembeni ya ukuta. Maji yaliyoingia ndani yake yalikuwa ya mvua, ile inayoshuka kutoka Uluguru mwezi wa tatu na wa nne, ikishuka imeshuka.

Mkewe, Chausiku, alikuwa ameshaizoea. Kamba yake ya kuanikia nguo ilianzia mbele ya boti ikaishia kwenye mpapai, na kuku walitagia chini yake. Halidi alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia boti, kwenye karakana moja ya boti Dar es Salaam kwa miaka ishirini na saba. Alipokaribia kustaafu, boti hii ya tanga ilikuwa imetelekezwa nyuma ya karakana; mwenyewe alishaondoka nchini na hakurudi. Wenye karakana walitaka nafasi yao, wakamwambia kama anaitaka aichukue. Akaichukua. Siku lori lilipoishusha, nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Chausiku alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza swali moja tu: nguo sasa ataanika wapi.

Hiyo ilikuwa miaka sita nyuma. Mwaka huu binti yao Yasmin alikuwa anaolewa, na wageni walipohesabiwa ikaonekana nyumba haitoshi. Ndugu za Chausiku kutoka Mkuyuni wangejaza vyumba vyote viwili na sebule. Akabaki mtu mmoja bila pa kulala, naye ni Furaha, dada mkubwa wa Halidi, anayelima mpunga Turiani.

"Dada atalala kwenye boti," Halidi alisema. "Kuna kitanda kizuri mle."

Chausiku aliacha kuchambua mchicha. Wifi Furaha aliwahi kurudisha kikombe cha chai mbele za watu, msibani, kwa sababu kilikuwa na shombo ya yai. Akafuta mikono kwenye kanga, akapanda ngazi, akaingia ndani ya boti kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka uliopita.

Ndani kulinuka ukungu. Godoro lilikuwa limelowa upande wa ukutani. Chini ya kila dirisha ulishuka mchirizi wa kutu hadi kwenye ubao wa kitanda, na alipotoka akaona kwamba nje ni vilevile: ubavu mweupe wa boti, na chini ya kila dirisha mistari myekundu kama ya mtoto aliyekula embe akajifuta tumboni. Alikuwa akiipita kila siku bila kuitazama.

"Baba Yasmin, wifi hawezi kulala humu."

"Nimeyapaka silikoni mwaka jana."

"Na mwaka juzi ulipaka. Na mwaka juzi ule mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya harusi.

Kesho yake asubuhi Chausiku alikausha sehemu yote inayozunguka dirisha moja kwa tambara, kisha akapaka unga wa ngano, mwembamba, kwa ncha ya kidole, kuzunguka fremu yote kwa ndani. Akamwambia mumewe aweke mpira wa maji nje, aanzie chini, apande polepole. Halidi alisema wanaharibu unga. Ila aliweka.

"Bado?" aliuliza kutoka nje.

"Bado."

"Sasa hivi?"

"Endelea. Hapohapo. Funga maji."

Pembeni ya kioo, ambako Halidi alikuwa ameweka silikoni juu ya silikoni miaka yote hiyo, unga ulikuwa mkavu, mweupe vilevile. Lakini pale zilipotokea bolti zinazoshika fremu, nane kuzunguka dirisha, unga ulikuwa umelowa vijiduara vinane, na viwili vilishaanza kuwa vyekundu.

"Haivuji kwenye kioo," Chausiku alisema. "Inavuja kwenye bolti."

"Haiwezekani."

"Njoo utazame."

Halidi hakupenda kuingia ndani siku hizi. Goti lake la kulia lilikuwa halikunji vizuri, na mlango wa boti ulijengewa watu wembamba. Akapanda ngazi, akaingiza kichwa na bega moja tu, akatazama unga. Akatazama tena. Chausiku alitegemea abishe, maana kwa mambo ya boti mumewe hakuwahi kukubali kitu bila kubisha kwanza. Hakubisha. Alimpa spana na kumwambia afungue nati moja, yeye atashika bolti kwa nje.

Nati haikufunguka, ilikatika. Ikabaki kwenye kiganja cha Chausiku, nyekundu, ikimomonyoka kama biskuti. Ya pili hivyohivyo. Walifanya kazi hadi adhuhuri, dirisha zima likatoka, na pale lilipokuwa pakabaki tundu la duara, upana wa sinia dogo, na ndani ya tundu hilo uso wa Halidi, jasho likimtiririka.

Chausiku alikuwa ameshika bolti moja iliyopona kidogo. Aliigeuza. Hakuwa fundi, lakini huwezi kula chakula cha jioni na fundi wa boti miaka thelathini usijue lolote. Alikumbuka jinsi Halidi alivyokuwa akirudi nyumbani zamani, walipokuwa wakiishi Dar es Salaam, amenuna, kwa sababu kijana fulani wa karakana ameweka bolti za chuma cha kawaida mahali pa stenlesi isiyoshika kutu. Angeeleza jambo hilo mpaka wali upoe.

"Hizi si stenlesi," alisema.

"Hapana."

"Nani aliziweka?"

"Mimi," Halidi alisema.

Jogoo aliwika upande wa pili wa ua. Halidi alikuwa anatazama fremu mikononi mwake, si mkewe.

"Mwaka ule ulipofanyiwa operesheni ya tumbo," alisema. "Asubuhi ile nilikuwa nimeyafungua yote sita nibadilishe mpira wa kuzibia. Bolti zake nzuri nimeziloweka kwenye kopo. Yasmin akapiga simu, akasema wamekuingiza chumba cha upasuaji mapema, hali si nzuri. Nikaondoka hivyohivyo, na mikono michafu. Siku ya nne nikarudi kuchukua kanga zako, nikakuta wingu limefunika mlima wote, na kopo silioni. Nadhani kuku waliliangusha. Nikapita dukani, nikanunua bolti zilizokuwepo, nikayafunga, nikarudi wodini. Nilisema nitazibadilisha ukitoka."

"Ukasahau."

"Sikusahau." Alikuna ndevu kwa kifundo cha mkono. "Kila nikizitazama, narudi kwenye lile benchi la hospitali. Nikawa napaka silikoni juu yake ili nisizione."

Katika siku zile kumi na moja za hospitali alichokumbuka Chausiku ni kidogo sana: feni iliyolia, mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyeomba uji kila saa, na Halidi. Halidi alikuwepo kila alipofumbua macho. Hakuwahi kujiuliza ni nini alichokiacha wazi nyumbani ili awepo. Na mwanamume huyu, anayeweza kusimulia habari ya msumari mmoja kwa nusu saa, alikuwa ameliweka jambo hili miaka mitatu, akapita kando yake kila siku na birika lake la udhu.

Alipitisha mkono kwenye tundu la dirisha, akamtoa kipande cha silikoni kikuukuu kilichonasa ndevuni.

"Basi sasa tuzitoe zote," alisema. "Wifi hawezi kulowa kwa sababu ya tumbo langu."

Halidi alicheka, kicheko kifupi kilichotokea puani, akaenda kwenye dirisha la pili.

Jioni hiyo alimpigia simu Mikidadi, rafiki yake aliyekuwa bado karakanani Dar es Salaam. Mikidadi alicheka sana aliposikia ni nani anayeomba bolti za stenlesi na kwa sababu gani. Chausiku alisikia kicheko hicho kutoka jikoni. Siku ya tatu mzigo ulifika stendi ya Msamvu kwa basi: bolti arobaini na nane na nati zake kwenye chupa ya asali iliyooshwa, pamoja na mirija mitatu ya gundi ya kuzibia maji, ya boti hasa, si ile ya mabafu.

Kuyarudisha madirisha kulihitaji uvumilivu kuliko kuyatoa. Walikwangua silikoni yote ya zamani kwa rula ya plastiki iliyovunjika, maana kisu kingechuna faiba. Wakafuta kwa spiriti. Halidi alipaka gundi, akaweka fremu, akapitisha bolti, na kutoka nje akatoa maelekezo.

"Mimi nashika, wewe unazungusha nati. Bolti isizunguke hata kidogo, ikizunguka inaichana gundi. Usikaze. Shikiza tu, kama unavyofunga kifuniko cha chupa ya mtoto."

"Nimefunga chupa nyingi kuliko wewe."

"Najua. Ndiyo maana uko ndani."

Gundi ilikaa siku moja ikashika, kisha wakarudi kukaza mara ya mwisho, robo mzunguko kila nati. Siku hizo Chausiku aligundua kwamba alikuwa hapendi kazi iishe. Walizungumza kupitia matundu yale mambo ambayo mezani hawakuyafikia: kama Yasmin ataweza kuishi na mama mkwe mkimya kiasi kile, kama Halidi anaogopa kuzeeka. Alisema anaogopa, ila si sana.

Yakabaki madoa. Halidi alitoka jikoni na chuma cha kusugulia sufuria na dawa ya kutakatisha nguo nyeupe. Chausiku akavichukua vyote viwili mikononi mwa mumewe, akavirudisha jikoni.

"Hiyo dawa inaigandisha kutu, haiitoi," alisema aliporudi. "Nguo ngapi zimeharibika kwa hiyo. Na hicho chuma kinaacha unga wake kwenye faiba, halafu nao unashika kutu. Unaona vile vidoa vidogo kama vipele? Umeviweka mwenyewe."

Halidi aliinama akavitazama vile vipele. "Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaniambia ni kazi ya kitaalamu."

Shukuru, mdogo wa Chausiku, alikuja kutoka Mkuyuni na kikapu cha ndimu. Chausiku alizikamua, akachanganya na chumvi mpaka ikawa nzito, akaloweka vitambaa, akavibandika chini ya kila dirisha kama mtu anavyomkanda mwenye homa. Vikikauka, anavilowesha tena. Halidi alizunguka boti na ndoo ya maji, akisuuza na kusugua kwa brashi ya nguo, akifanya alivyoambiwa. Mara ya kwanza madoa yalipauka. Mara ya pili mengi yakaondoka. Mara ya tatu likabaki moja tu, karibu na mlango, lenye rangi ya chai ya maziwa, na hilo halikukubali ndimu wala chumvi. Chausiku aliliacha.

Furaha alifika Alhamisi na gunia la mchele na mto wake mwenyewe wa kulalia. Alipandishwa ngazi na watu wawili. Alitazama kitanda, akabonyeza godoro, akanusa hewa, akasema, "Haya."

Mvua ilianza Ijumaa baada ya magharibi na haikukatika mpaka alfajiri. Chausiku aliswali, akachemsha chai, akavuka ua uliojaa matope na kikombe alichokiosha mara tatu. Siku ya harusi ya mwanawe, yeye anawaza nati. Akagonga.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Ingia, unaniletea baridi."

Furaha alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi, kitenge kichwani, anatazama mlima kupitia dirisha la katikati. Chausiku alimpa chai, na kwa kisingizio cha kurekebisha shuka akapitisha kiganja chini ya dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Pakavu. Akajinyoosha upande wa pili. Pakavu kote.

"Umelala vizuri, wifi? Hukulowa?"

"Nilowe na nini?" Furaha alikunywa, akakitazama kikombe, akanywa tena. "Godoro gumu. Taa mmeiweka mbali. Na pale mlangoni pana doa."

"Lile limeshindikana."

"Nimeliona."

Nje Halidi alikuwa amesimama chini ya ngazi, mwavuli mkononi, anajifanya kukagua matairi. Chausiku alitoa kichwa na kumtikisia mara moja, kwamba ni kukavu. Halidi alifumba macho, akashika ubavu wa boti kwa kiganja kizima, akabaki hivyo kidogo, akijizuia kutabasamu.

Yasmin aliolewa alasiri, mvua imekatika, na ndugu wa Mkuyuni wakaondoka Jumapili. Furaha, aliyekuja kwa siku nne, hakuondoka. Wiki ya kwanza alisema barabara ya Turiani bado ina matope. Wiki ya pili hakutoa sababu. Alihamishia redio ndani ya boti, kisha birika, na jioni kaka yake na wifi yake wakawa wanapanda ngazi kwenda kunywa chai kwake, wamebanana kwenye kitanda, goti bovu la Halidi limenyooshwa juu ya mapaja ya Chausiku kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka.

"Mama Yasmin," Halidi alinong'ona siku moja wakishuka, "unadhani atatuachia boti yetu lini?"

Chausiku alikuwa ametangulia ngazi, amemshikia mkono. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akiiita boti yetu.

"Mwache," alisema. "Weka mguu hapa. Hapo. Taratibu."