Perth Isiyokuwepo

"Nani kakuruhusu kuitumia picha hii kutabiri mvua?" nilimuuliza Alistair, mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa hapa Perth.

Picha ilitoka kwenye dunia ya majaribio niliyoiunda kwenye kompyuta, nayo ni maji matupu. Haina milima, haina bara, haina majira. Niliiunda hivyo makusudi, nione jinsi mkondo wa upepo wa juu, ule unaotuletea mvua, unavyoyumba wenyewe bila kuguswa. Lakini programu ya kuchorea ramani ikajibandikia pwani ya Australia juu yake, kama ilivyozoea, na Alistair akaimeza nzima nzima.

"Sisi tuko hapa," alisema akigusa skrini. "Upepo unarudi. Wakulima wa ngano watapata mvua."

"Tuko wapi, mzee wangu? Hapo ni bahari! Ningeizungusha tu ramani, mvua hiyo hiyo ingenyesha Chile!"

"Bronwyn, dada, punguza jazba."

Nikaifuta mistari ya pwani. Skrini ikabaki buluu tupu.

"Haya, nioneshe Perth."

Aliikodolea macho, kisha akatazama saa yake.

"Irudishe hiyo mistari. Wakulima wameshafika getini kusikia utabiri."