Namba ya Makala ya Alen

Efrazia alikuwa amefika kwenye orodha ya marejeo, kurasa za mwisho za tasnifu, alipokutana na jina la marehemu mumewe. Alen Shemhilu, 2004. Makala kuhusu wakulima wa mboga wa Rangwi baada ya soko kuachiwa huria. Mwishoni ilifuata namba ndefu, ile ambayo majarida yalikuwa yameanza kuipa kila makala ili ipatikane mtandaoni hata anwani ya tovuti ikibadilika.

Alen alifariki mwaka 2002.

Tasnifu ilikuwa ya Kornelio, mwalimu mwenzake Efrazia katika chuo kimoja pale Lushoto. Ndiye aliyezunguka Rangwi na Alen miaka yote ya utafiti wao. Alikuwa amemwomba Efrazia amkagulie lugha tu. Kwa nini lugha tu?

Makala inaweza kutoka baada ya mtu kufa, Efrazia alijiambia. Lakini mjane si angeambiwa?

Jumamosi alikwenda kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, akaiandika namba ile polepole. Jibu likaja kwamba haipo. Akairudia, haipo. Akajaribu namba nyingine za tasnifu hiyohiyo, zikafunguka vizuri.

Jumatatu alimkuta Kornelio ofisini akisahihisha mitihani.

"Shemeji, namba ya makala ya Alen haifunguki."

Kornelio hakuinua kichwa. "Nitakuwa nimekosea kuchapa."

"Nipe iliyo sahihi."

"Iondoe tu. Jina na mwaka vinatosha. Wasahihishaji hawahangaiki na hizo namba."

"Mbona nyingine zote umezipatia?"

"Basi nitaiangalia," alisema, akaanza kukusanya karatasi ambazo hakuwa amemaliza kusahihisha.

Efrazia alitoka na wasiwasi mkubwa kuliko ule alioingia nao. Je, jina la marehemu lilibandikwa kwenye makala ya kubuni? Alirudi kafe, na safari hii akatafuta kwa jina la jarida. Makala ilikuwepo. Namba yake ilikuwa ileile, ila tarakimu mbili kwenye tasnifu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mwandishi alikuwa Kornelio peke yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alishukuriwa marehemu Shemhilu kwa msaada wake.

Alisoma majedwali. Aliyajua. Alikuwa amekaa na Alen mezani kwao, yeye akimsomea hesabu za kabichi zilizoozea barabarani zikingoja lori, Alen akiandika.

Aliuchapisha ukurasa wa kwanza, akaenda kuuweka mbele ya Kornelio.

"Jarida lilitaka mwandishi aliye hai, wa kuwasiliana naye," Kornelio alisema. "Nikasema nitarekebisha baadaye. Kisha nikaona haya. Kwenye tasnifu nilitaka angalau jina lake likae mahali pake."

"Na namba ukaigeuza ili mtu asifike."

Kornelio alifungua kompyuta.

Efrazia alisimama nyuma ya kiti chake, Kornelio akimwandikia mhariri wa jarida kuomba masahihisho. Majibu yalichukua miezi. Makala ya awali ingebaki na namba yake, mhariri alieleza, na masahihisho yenye jina la Alen kama mwandishi wa kwanza yangetoka kwa namba yake yenyewe. Yalipotoka, Efrazia alizifungua namba zote mbili kwanza, ndipo akaruhusu ziingie kwenye tasnifu.

"Sasa utamwambia mama yake Alen," alisema.

Walikwenda pamoja Rangwi, kwa sababu Efrazia hakuamini kwamba Kornelio akienda peke yake angesema yote. Kornelio alitoa shikamoo, akakaa, akaeleza bila kuficha. Mama Alen alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na jina la mwanangu limeshaandikwa?"

"Limeandikwa, mama," Kornelio alisema.

Mama aligeuka kumtazama Efrazia, akangoja.

"Limeandikwa, mama. Nimeliona mwenyewe."