Matairi ya Shemeji

Matairi yanayogombaniwa na kila dereva yaliisha, na haikujulikana mzigo mpya ungefika lini. Muuza matairi akachomoa mengine stoo, makuukuu, yenye nyufa ubavuni, akayapaka rangi nyeusi mpaka nyufa zikapotea.

"Haya ndiyo mwisho wa maneno," akamwambia mume wa dada yake. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Akaingie mtaroni zoba huyu, akajisemea.

Yakafungwa. "Umeniokoa, shemeji," yule bwana akasema. "Dada yako anangoja gari sasa hivi. Anampeleka mama yenu hospitali, kule mlimani."

Muuza matairi akafungua kinywa. Wateja walijaa dukani, wote wametega masikio.

"Wasalimie," akasema, akarudi stoo kwenye brashi yake.