Clive na Makofi ya Mkewe

Lorraine alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea kule pembeni mwa mji, na katika mtaa wetu hapa Oldham ni yeye tu aliyekuwa akienda kazini mwaka ule wa korona. Sisi wengine tulifungiwa ndani. Basi ilipotangazwa kwamba kila Alhamisi jioni watu wasimame milangoni kuwapigia makofi wahudumu wa wagonjwa na wazee, makofi yetu yote yakaelekea nyumbani kwake.

Alhamisi ya kwanza alisimama kizingitini akalia. Tulipiga makofi, tukapiga masufuria, na jirani mmoja akatoa tarumbeta.

"Sikujua mnanipenda hivi," alisema.

Alhamisi ya pili alikuwa zamuni. Tukaupigia makofi mlango uliofungwa mpaka tukajiona wajinga. Pauline, mwenye saluni ya nywele, akapaza sauti kumwita mume wa Lorraine.

"Clive! Toka basi hata wewe, tumpigie nani?"

"Mimi natandika mazulia, Pauline. Na siku hizi hata hayo sitandiki."

"Si unalala naye? Toka!"

Clive akatoka na soksi tu. Tukampigia. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Wiki iliyofuata alivaa viatu. Baada ya hapo akaja na koti lake la harusi, akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Kuna aliyemwachia keki mlangoni.

"Umechoka, Clive. Pumzika, kaka," tulimwambia.

"Tunajitahidi tu," akajibu.

Lorraine akawa akirudi anakuta keki imebaki kipande. "Makofi yangu yalikuwaje leo?" alikuwa akimuuliza mumewe.

"Mazuri! Yule wa tarumbeta kajifunza wimbo mpya."

Alikuwa akicheka, ingawa baadaye alituambia hakuona cha kuchekesha.

Alhamisi moja alitoka kazini mapema, akatukuta tumejaa nje. Alikuwa na barakoa usoni, na kiunoni amejifunga mfuko wa taka aliosahau kuuvua. Pauline hakumtambua.

"We mama, mbona umekunja mikono? Piga makofi! Huoni aibu? Watu wanahatarisha maisha yao!"

Lorraine akamtazama mumewe pale kizingitini, kichwa chini, mkono kifuani. Akapiga makofi. Clive alipoinua uso akamwona, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mke wangu..."

"Endelea, shujaa. Ila ukimaliza kuinama, waambie glavu zimekwisha kule kazini kwangu."

Clive akakohoa. "Jamani! Lorraine anasema glavu zimekwisha!"

Tukapiga makofi.

"Hapana, sikilizeni! Na aproni pia! Amevaa mfuko wa taka!"

Tukazidisha. Tarumbeta ikalia.

"Hili si jambo la kupigia makofi!" akafoka. Tukaona amesema maneno mazito kweli, tukashangilia mpaka mwiko wa mtu ukavunjikia kwenye sufuria.

Lorraine akakaa kwenye ngazi, akicheka na kulia kwa pamoja. "Wanapiga kwa moyo kabisa," alimwambia Clive. "Hata kuwachukia vizuri siwezi."

Pauline ndiye aliyeacha kupiga makofi kwanza. Akaingia kwake, akatoka na maboksi ya glavu nyeusi za kupakia rangi ya nywele, maana saluni ilikuwa imefungwa tangu Machi. Akayaweka chini katikati ya njia, akarudi nyuma, maana iliamriwa watu wasikaribiane.

"Zinanuka dawa kidogo," alisema. "Na nisamehe, Lorraine. Sikujua ni wewe."

"Ningekuwa mwingine ungenipiga?"

"Nilikaribia."

Kesho yake Lorraine akazivaa kazini. Mzee mmoja aliyelala kitandani, bwana Entwistle, asiye na unywele hata mmoja, aliiona ile mikono myeusi ikimjia, akasikia harufu ya dawa, akauliza kama amekuja kumpaka rangi ya nywele.

"Ndiyo, babu. Unataka rangi gani?"

Mzee akapapasa upara wake. Akachagua nyekundu.