Cheni ya Papango

Kila aliyeleta pikipiki kwenye karakana ya Fundi Boinali, mjini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, alionyeshwa cheni kwanza. Awe amekuja kubadilisha plagi, awe taa tu imemzimikia, mzee alimwambia asubiri, akaenda nyuma, akarudi na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa grisi. Alizamisha vidole, akaivuta cheni polepole kama mtu anayemtoa samaki mkunga shimoni.

"Tazama vipingili," alisema. "Tafuta kilichokatika. Ukikiona, pikipiki yako naitengeneza bure mpaka nife."

Hakuna aliyewahi kukiona. Wala hakuna aliyewahi kumsadiki, maana wao walijua habari nyingine: kwamba mwaka 1978, kule Mahajanga, Papango, mrukaji wa pikipiki, alianguka kwa sababu cheni ilikatika, na aliyeifunga cheni ile ni Boinali. Wateja waliitikia kwa adabu. Wakishageuka walikonyezana.

"Si angeweza kutafuta cheni nzima akaitia mkebeni?" mmoja alimnong'oneza Halidi.

Halidi alikuwa akifanya kazi na mzee mwaka wa kumi sasa. Aliinama juu ya injini. Alijua kuwa cheni ni ile ile. Alijua na jambo jingine, ambalo halikuwahi kumtoka kinywani.

Papango, kwa Kimalagasi, ni mwewe. Jina alilopewa na wazazi ni Hassane, mtoto wa mtaa wa Mahabibo, na hakuna mtu aliyekuwa akipanda pikipiki kama yeye. Alishuka barabara ya pwani amesimama juu ya kiti, mikono ameitandaza, macho ameyafumba. Aliruka puspus nne, vile vigari vya kuvutwa na watu, zimepangwa ubavu kwa ubavu. Kisha akaruka sita. Halidi alikuwa na miaka tisa, akawa anachechemea kidogo mguu wa kushoto, si kwa ugonjwa, bali kwa kuwa Papango alitembea hivyo.

Na mwaka ule mtu kama Papango alihitajika. Wakomoro wengi wa mji ule, jamaa zao, walikuwa wamekwisha kupakiwa melini kurudishwa Komoro, baada ya yale mauaji ya Wakomoro ya mwishoni mwa 1976. Waliobaki walitembea karibu na kuta. Ilipotangazwa kwamba Papango ataruka puspus tisa, walianza kutembea katikati ya barabara.

Boinali alikuwa fundi wake, rafiki yake tangu chuo cha Kurani. Aliifungua pikipiki yote, akaifunga tena, kila nati akaipitia mara mbili.

Lakini naye Koko Moinaecha, bibi yake Halidi, alikuwa na lake. Alikuwa mtu wa Nosy Be, binti wa mjenzi wa mashua, na maisha yake yote hakuwahi kuona chombo kipya kikishushwa majini bila omo yake, ile ncha ya mbele, kupakwa mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua ya langilangi na kusomewa Fatiha.

"Hicho anachoruka nacho si chombo?" aliuliza. "Kitakwendaje bila kupakwa?"

Mahali penyewe palikuwa pa wanaume, basi akamkabidhi Halidi chupa. "Pale kinapoachana na nchi, mjukuu wangu. Hapo ndipo pa kupaka."

Halidi alikwenda wakati watu wako kwenye sala ya alasiri. Ubao wa kurukia ulikuwa mtupu, hata mlinzi hapana. Akaupaka ncha yote kwa kiganja chake. Bibi alisema apake matone. Yeye aliimaliza chupa, kwa vile alimpenda Papango kuliko matone.

Nusu saa baadaye gurudumu la nyuma lilifika kwenye ncha ile, likakwenda upande. Papango aliangukia puspus ya saba. Mguu ulivunjika mara tatu, na hakuruka tena. Jua halijatua, mji mzima ulikuwa unasema cheni imekatika. Mwezi haujaisha, Boinali hakuwa na mtu wa kumpa hata baiskeli, akavuka kwenda Nosy Be. Koko Moinaecha naye alirudi kwao na mjukuu wake, akafa miaka mitatu baadaye akiamini kwamba bila mafuta yake Papango angekufa pale pale.

Halidi alipofika miaka kumi na tano alisimama mlangoni pa Boinali. Hakujua kama amekuja kujifunza kazi au kukiri. Alijifunza kazi. Na kila asubuhi, kiwanda cha kukeneka maua yawe mafuta kilipoanza kutoa moshi, harufu ya langilangi ilishuka mpaka karakanani, ikakaa naye kutwa.

Mwaka 1994 macho ya Boinali yalianza kumwacha.

"Kabla hayajazima kabisa," alisema siku moja, akipapasa meza kutafuta spana iliyokuwa mbele yake, "nataka nimwone Hassane akitamka kwa kinywa chake kwamba haikukatika. Sitaki msamaha. Nataka neno."

Halidi aliandika barua. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, kisha ya tatu akampa nahodha mkononi. Kimya. Basi akavuka bahari kwenda bara, Antsahampano, akapanda lori, na siku tatu baadaye alikuwa Mahajanga, nguo zimeiva vumbi, kwa kuwa njiani tairi zilitoboka mara nne na utingo hakujua kuziba.

Papango alipatikana kirahisi. Alishinda kwenye mgahawa wa mkewe, Chamsia, karibu na pantoni ya Katsepy, mguu mkavu ameunyoosha juu ya kiti cha pili. Waliokuwa wakingoja pantoni walikunywa kahawa na kumsikiliza. Halidi alisimama mlangoni kama yule mtoto wa miaka tisa. Nywele zilikuwa nyeupe. Mikono ilikuwa ile ile.

"Bako," alisema, kama Wakomoro wamwitavyo mtu mzima, "nimetoka Nosy Be. Nafanya kazi kwa Fundi Boinali."

"Kwa Boinali!" Papango aligeukia wasikilizaji wake. "Haya, muuaji wangu hajambo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hajambo. Bako, kuna jambo nataka..."

"Kaa, kaa. Umefika wakati mzuri. Nilikuwa puspus ya ngapi?"

"Ya tano!" walimjibu.

"Ya tano. Nikasikia *tak*! Nikajua: cheni."

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili Halidi alianza mapema zaidi, akakatizwa na pantoni ya saa tatu. Akaanza tena, akakatizwa na mzee Elamine, aliyeapa kwamba hata yeye aliisikia ile *tak*, ingawa siku ile alikuwa mbali, Boanamary. Halidi alikuwa na sauti ndogo. Kila alipofungua mdomo alijikuta anashikishwa kikombe kingine cha kahawa.

Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, alisimama akaitazama picha iliyotundikwa ukutani. Ilipigwa sekunde ile ile: pikipiki iko hewani, nyuma imekwisha kwenda upande. Halidi alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akafuta kwa mkono wa shati. Cheni ilikuwapo, nzima, imeshika meno yake yote. Na ncha ya ubao ilikuwa inang'aa kama mgongo wa samaki.

Miaka kumi na sita picha ile ilitundikwa pale, juu ya kichwa cha msimuliaji, na hakuna aliyeisoma.

Alingoja pantoni iondoke. Watu walipopungua alisema, kwa sauti iliyomgutusha hata yeye: "Cheni haikukatika. Mimi ndiye niliyeupaka ubao mafuta. Koko Moinaecha alinituma."

Chamsia aliacha kufuta vikombe. Papango alitazama baharini.

"Unadhani sikuyanusa?" alisema mwisho.

Halidi aligeuka akaitazama tena picha.

"Nimeanguka, mfupa uko nje, na pua yangu imejaa langilangi kama bwana harusi. Nilijua kabla hawajaniinua."

"Mbona ukasema cheni?"

"Aliuliza mtu, 'Cheni?' Nikasema cheni. Ulitaka niseme nini? Kwamba dua ya bibi kizee imeniangusha? Mwaka ule? Watu hawana kitu kingine mkononi ila dua, mimi niwaambie inateleza? Cheni ni chuma, mwanangu. Chuma hakina mama wa kukililia."

"Boinali alikuwa na mama."

Papango aliusogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Nilidhani ataelewa."

"Ulimweleza?"

"Rafiki haelezwi."

"Miaka kumi na sita anawaonyesha watu cheni ndani ya mkebe," Halidi alisema. "Kila anayekuja. Wanamcheka. Sasa haoni hata sura zao wanapocheka. Twende ukamwambie neno moja tu."

"Nenda, Hassane," Chamsia alisema. "Mimi mwenyewe nimechoka kuisikia hiyo cheni. Naiota."

Papango akasema Jumamosi watasafiri pamoja.

Jumamosi alikuja kweli. Alivaa kofia nyeupe iliyopigwa pasi, na mfuko mdogo begani, na Halidi alipomwona akija kwa kuchechemea kati ya malori, alisahau hasira zote. Kwa kitambo alikuwa yule yule mtu wa kutandaza mikono.

"Papango!" dereva mmoja aliita. "Leo wapi? Hebu wasimulie hawa vijana, hawakuwa wamezaliwa."

"Hapana, nina safari."

"Kidogo tu, bwana!"

Halidi alimshika mkono. "Bako, gari linajaa."

"Kidogo tu," Papango alimwambia, akaweka mfuko chini. Vijana wakamzunguka, wanane, kumi, kumi na watano. Mgongo wake ukanyooka. Halidi alimsikia akifika puspus ya tatu, ya nne, ya tano. Akaomba kimyakimya.

"Nikasikia *tak*!" Papango alisema, na macho yake yakakutana na ya Halidi juu ya vichwa vya watu. Akayaondoa. "Cheni."

Lori lilipopiga honi alikuja mpaka mlangoni, lakini mfuko hakuuokota. "Barabara hii na mguu huu," alisema. "Tufanye baada ya Ramadhani, inshallah."

"Nipe basi ile picha. Nitairudisha."

"Picha ile?" Papango alimtazama kama aliyeombwa mguu uliobaki. "Mwanangu, mimi ndiye ile picha."

Halidi alirudi mikono mitupu. Alimkuta Boinali kwenye meza, anasafisha kabureta kwa kupapasa, akamweleza yote bila kupumzika: chupa, kiganja, picha, lori. Langilangi ilikuwa inashuka kutoka kiwandani.

"Ulipaka kwa kitambaa au kwa mkono?" Boinali aliuliza.

"Kwa mkono, Fundi."

"Upande mmoja?"

"Wote."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata ubovu wa injini baada ya kuifungua mara mia. "Miaka kumi," alisema, "miaka kumi nakufundisha kufuta mafuta mikononi kabla hujagusa kitu." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Halidi angeweza kuivumilia.

Mteja aliingia na pikipiki isiyowaka. Boinali alikwenda nyuma, akarudi na mkebe, akautafuta mkono wa Halidi na kuuweka humo.

"Leo mwambie wewe."

Halidi aliivuta cheni. Kwa sauti yake ndogo alisimulia habari ya ubao na ya chupa, na hakujiacha nje. Mteja alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama cheni, akamtazama mzee, akamtazama Halidi.

"Sawa," alisema. "Na Papango mwenyewe anasemaje?"