Miche ya Safu Kavu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepandwa kwenye kiriba. Kiriba ni kile kimfuko cheusi cha plastiki tunachooteshea miche, na changu kilikuwa kikubwa, kimenifika kiunoni. Udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri. Nilikagua, maana kazi ni kazi hata ndotoni.

Nilikuwa kitaluni, kwenye kitalu hiki hiki ninachokitunza mwaka wa kumi na tisa sasa. Mche wa mringaringa, namba kumi na nne, ulinibeba ukaniweka kwenye mizani. Ulikuwa na majani saba na miwani. Wenzake wa safu yake walikuwa wamesimama nyuma, wananitazama.

"Kilo sabini na mbili," ulisema. "Andika: kavu."

"Mimi si mkavu," nikasema. "Nimeoga."

"Hatukukuuliza kuhusu kuoga. Daftarini tunaandika kavu. Si ndivyo unavyofanya wewe, Baba Kitalu?"

Nikatamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa imeshanimeza nusu na haikuelekea kuendelea.

Ngoja niseme mwenyewe, kabla watu hawajanisemea. Miezi minne iliyopita Dokta Kokushubila, mtafiti wa misitu, aliniletea miche mia na ishirini ya mringaringa. Alitaka kujua mti mchanga unajipikiaje chakula chake udongo ukiwa na maji na udongo ukiwa hauna, juani na kivulini. Nusu niliiweka juani, nusu chini ya neti. Kila upande, nusu yake inywe ishibe, nusu ipate kikombe kimoja kwa siku tatu, basi. Mimi ninyweshe na kuandika. Yeye akija mwisho wa mwezi anabana majani kwa mashine yake na kusoma usanisinuru.

Sasa ile safu ya juani yenye maji kidogo nilikuwa nimeipanga kando ya barabara, na ikaanza kulegea. Watu wa sokoni wanapita. Huku kwetu Upareni mche ukinyauka kitaluni hakuna anayeuliza habari za utafiti, wanauliza mtunzaji ni nani. Jamaa mmoja alisimama pale, akatazama weee, akasema, "Kirita, siku hizi unalea kuni?" Na wenzake wakacheka.

Miaka kumi na tisa sijawahi kuambiwa neno kama lile. Walipopotea kwenye kona nikachukua keni, nikainywesha safu nzima. Kesho yake tena. Ikawa ndiyo desturi, na daftarini naandika kavu, kavu, kavu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Dokta aliposoma mashine yake alifurahi. Akasema kumbe mti huu hauogopi jua wala ukame, hauna haja ya kungoja vuli. Jumamosi hii miche mingine mia nne inakwenda kupandwa kwenye kigongo cha Mama Nakundwa, juu ya chemchemi yake, mahali palipo wazi kabisa na udongo wake ni vumbi. Na mimi nilikuwepo akisema, nikatikisa kichwa kukubali.

Turudi ndotoni.

"Twende jikoni," ulisema mche namba kumi na nne. Jani lake moja likafunguka kama mlango, tukaingia mimi na kiriba changu.

Ndani ni jiko. Kuna sufuria kubwa mno, na mama mmoja mnene aliyejifunga kanga ya kijani anakoroga. Ukutani kuna madirisha madogo, maelfu, yote wazi. Mwanga unaingia kwa makundi, umebeba mabegi, unasema "hodi" na kukaa bila kungoja karibu.

"Maji, hewa na mwanga," mpishi ananiambia bila kugeuka. "Ndiyo napikia sukari. Hewa inaingia kwa madirisha haya, ila maji nayo yanatorokea humo humo. Kwa hiyo udongo ukikauka, mizizi inaleta barua."

"Barua inasemaje?"

"Inasema funga."

Hapo hapo mzizi unachomoza sakafuni umeshika karatasi. Mpishi anaisoma, anaikunja, anaanza kufunga madirisha moja moja. Hewa inabaki nje. Sufuria inapoa.

"Na hawa?" nauliza, kwa sababu mwanga unazidi kuingia kupitia paa.

"Mwanga hausomi barua," anasema.

Wageni wamejaa. Hawana kazi ya kufanya, hawana chakula. Wanaanza kwa kuvunja vigoda. Halafu wanachoma mapazia. Mpishi anasimama katikati ya moshi, mikono kiunoni, wala hashangai.

"Kivulini wangekuja wachache," anasema. "Hata na njaa ningewavumilia mpaka mvua. Hapa juani wamekuja ukoo mzima."

"Mbona kule kitaluni hamkuungua?"

Sasa ndiyo ananigeukia. "Kitaluni barua haikufika hata siku moja. Kila asubuhi ulituletea maji. Tulikula vizuri na tunakushukuru. Ila hatukuambiwa kwamba shibe yetu itapelekwa kwa watu iitwe njaa."

Sijawahi kushukuriwa nikaumia namna ile. Nilitazama chini, nikaona kiriba.

Ukuta wa jani ukaanguka, na nikajikuta kigongoni kwa Mama Nakundwa, nimepandwa. Kiriba kimeshachanwa. Jua liko juu ya utosi. Kushoto kwangu miche, kulia kwangu miche, mia nne, yote imeinamisha vichwa. Mama Nakundwa anapanda mteremko polepole, ameshika birika.

"Shikamoo mama," nikasema. Hilo lilitoka vizuri.

"Marahaba baba. Nakuona umeshika vizuri."

Nikataka kumwambia kweli pale pale, lakini midomo ikagoma. Imejifunga kabisa. Yeye akaendelea kuzungumza kwa upole wake ule ule wa siku zote.

"Unajua, Dokta ni mgeni. Atasema yake ataondoka, Mungu ambariki. Ndiyo maana nilikuuliza wewe pale nje ya kanisa, nikasema, Kirita, kweli miti hii itashika bila mvua? Ukaniambia itashika, mama. Basi leo asubuhi nafyeka vichaka vyote hivi, miti yako isipate kuonewa na kivuli. Chemchemi yenyewe unaiona ilivyobaki. Miti hii isiposhika, wajukuu watateka maji wapi?"

Ni kweli aliniuliza. Ni kweli nilimjibu hivyo, na hata sikusita.

Nikauashiria mche namba kumi na nne kwamba nataka kusema. Ukavaa miwani yake.

"Kinywa chako ni dirisha," ulisema. "Udongo wako umekauka, kwa hiyo limefungwa."

Nikaashiria maji.

Ukafungua daftari langu. "Kikombe kimoja kwa siku tatu. Zamu yako ni keshokutwa."

Mama Nakundwa akanitazama usoni, akaona kiu. "Maskini," akasema. "Haya ndiyo maji yangu ya leo nzima, lakini siwezi kumwacha mtu anakauka." Akainamisha birika miguuni kwangu akalimimina lote, mpaka tone la mwisho, akalitikisa. Nikasikia maji yanapanda magotini, tumboni, shingoni. Midomo ikafunguka.

Miche mia nne iliinua vichwa kunisikiliza. Mama Nakundwa naye alikuwa anangoja, birika mkononi.

Nikasema, "Itashika, mama."

Mche namba kumi na nne ukavua miwani, ukaifuta kwa jani.

"Andika," uliwaambia wenzake. "Haukuwa ukame."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Mke wangu aliniuliza mbona nimefunika uso kwa shuka, nikamwambia inzi. Inzi wenyewe hawakuwepo. Nililala pale nikiona haya mbele ya dari ya nyumba yangu mwenyewe, mpaka nikashindwa. Nikavaa viatu, nikatoka bila chai, nikapanda njia ya kigongoni.

Mama Nakundwa alikuwa amekaa mlangoni kwake, panga lililonolewa liko magotini. Kando yake kulikuwa na birika, limefunuliwa.

"Karibu baba," alisema. "Umenikuta nashangaa. Birika hili nililijaza jana jioni kwa mkono wangu, nikafunga mlango kwa komeo. Leo naamka halina hata tone, na sakafu ni kavu. Sijui nani kanimalizia maji yangu."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Weka panga chini kwanza, nikuambie na mengine."